Springi au upepo? Shokapu za pikipiki ya theluji ya milimani, naomba uzoefu wenu

MpandaVilele

Habari za jioni wakuu.

Nina pikipiki ya theluji ya milimani, mkanda wa mpira unaoisukuma nyuma ni wa inchi 165, meno ya mkanda inchi 3. Ilikuja na shokapu za upepo kote nne: mbili za skii, moja ya mbele ya mkanda na moja ya nyuma. Msimu wa kwanza sikuwa na neno nazo. Huu ni wa tatu na zimeanza kunikosesha raha, kwa hiyo kabla sijatoa hela nataka kuwasikia mliopanda aina zote mbili.

Kinachonisumbua ni kwamba sijui nimepanda chombo gani. Asubuhi nikiishusha kwenye trela ni laini, pua imeinama. Kutoka hapo hadi mlimani ni kama kilomita 20 za njia iliyokanyagwa na kila mtu, matuta madogo yamefuatana kama rasta za barabarani. Nikimaliza njia hiyo shokapu ya nyuma imekuwa ngumu, kila tuta linanipanda hadi kiunoni. Nikiingia msituni kwenye theluji laini, baada ya nusu saa inarudi kuwa nzuri. Jioni nikirudi, mambo ni yaleyale.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nakata ubavu wa mlima, kilele kiko upande wangu wa kushoto, miti imebanana. Skii ya kushoto ikazama ghafla, pikipiki ikaanza kujivuta juu kuelekea kwenye miti. Nikaachia mafuta, nikashuka, nikafukua kwa mkono. Rodi ya shokapu ilikuwa imeingia yote ndani, umebaki upana wa vidole viwili. Nilikuwa na pampu ya mkononi, nikajaza, ikashika kama dakika 40, ikalala tena. Nimerudi njia nzima pikipiki imeinama upande mmoja na mkono wa kushoto unawaka moto kwa kuvuta usukani.

Uzito wangu na mavazi, buti na begi la kujiokolea na maporomoko ya theluji ni kilo 92. Nakaa zaidi msituni na kwenye theluji ya kina. Kuruka ni kidogo.

Nifunge springi kote? Au nyuma tu? Au kosa ni langu?

ChumaNiChuma

Springi mkuu, kote nne. Nina misimu sita juu ya springi na pampu nilishaisahau. Springi haina sili (mpira unaozuia upepo usitoke) ya kuvuja upepo, haijali baridi, asubuhi na jioni ni ileile. Uzito ulioongezeka niliusikia wiki ya kwanza, baada ya hapo sikuusikia tena.

FundiRodi

Pole sana mkuu, hasa hiyo ya msituni. Skii ya upande wa mlima ndiyo inayobeba kila kitu ukiwa ubavuni, ile ya bondeni inaning'inia tu. Ikilala hiyo, hakuna ujanja wa mwili utakaokusaidia.

Mimi nafungua shokapu hizi kila kiangazi, zangu na za watu. Naomba kabla ya kununua chochote tutenganishe vitu viwili, maana naona vinachanganywa kila mwaka.

Ndani ya shokapu kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba uzito na kuurudisha juu. Hiyo ndiyo kazi ya springi, au ya upepo mahali pa springi. Ya pili ni kutuliza mrusho usiendelee kudunda. Hiyo ni kazi ya oili, inayolazimishwa kupita kwenye pistoni yenye vitundu vilivyofunikwa na visahani vyembamba vya chuma. Nyuma ya oili kuna pistoni nyingine inayoelea, na nyuma ya hiyo kuna naitrojeni iliyoshindiliwa ili oili isifanye povu. Sasa, upande huu wa oili na naitrojeni upo kwenye shokapu ya springi na upo kwenye ya upepo. Mtu akisema nabadilisha kutoka upepo kwenda springi, kazi ya kwanza ndiyo anayobadilisha. Ya pili ikiwa imechoka, anaihamishia uchovu wake kwenye springi mpya, au kama amenunua shokapu nzima mpya anaisifia springi kwa kazi iliyofanywa na oili mpya.

Mwaka jana nililetewa shokapu ya nyuma ya springi, mwenyewe anasema springi imekufa. Nikafungua. Oili ilikuwa ya kijivu, ukiisugua kati ya vidole unasikia unga wa aluminiamu. Naitrojeni hakuna kabisa. Springi niliipima, ilikuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani. Nikabadilisha oili na sili, nikajaza naitrojeni, springi ileile ikarudi kazini.

Kwa hiyo swali langu kwako: hizo zako zilifunguliwa lini mara ya mwisho?

MpandaVilele

Hazijawahi kufunguliwa, fundi. Misimu miwili na nusu, kilomita elfu tatu na ushee. Nilidhani kwa sababu ni za upepo kazi yangu ni kuangalia upepo tu.

FundiRodi

Ni nyingi. Ya nyuma hasa, inazikwa kwenye theluji siku nzima na inabeba mzigo kuliko zote. Mimi ya nyuma naifungua kila msimu hata kama inaonekana nzima. Za skii zinaweza kuvumilia misimu miwili kama rodi ni safi.

HesabuNdogo

Naomba niingie kwa upande wa namba, kwa sababu malalamiko yako ya asubuhi laini, baadaye ngumu, yanaelezeka vizuri sana bila kitu chochote kuharibika.

Upepo uliofungiwa unafuata joto lake. Ukipoa shinikizo linashuka, ukipata moto linapanda, kwa uwiano wa joto linalohesabiwa kuanzia sifuri kamili, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Na shinikizo lenyewe lazima ulihesabu pamoja na la anga, kwa sababu geji yako inaanza kusoma sifuri pale anga ilipo.

Tuseme umejaza 70 psi (kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi mraba) ndani ya gereji yenye nyuzi 20, usawa wa bahari. Shinikizo halisi ni 70 na 14.7 ya anga, jumla 84.7. Ukilala nje ukaamka nyuzi 20 chini ya sifuri, 84.7 inakuwa kama 73. Ukiwa bado usawa wa bahari geji itasoma kama 58. Umepoteza psi 12 na hakuna hata tone lililovuja.

Ila wewe unapanda mlima. Mita 3,000 juu, anga inakandamiza kwa takriban 10.2 psi tu. Upepo wa ndani ni uleule 73, lakini wa nje umepungua, kwa hiyo tofauti inakuwa kama 63. Na hiyo tofauti ndiyo inayokubeba. Mlima umekurudishia karibu psi 5 kati ya zile 12.

Sasa kilomita zako 20 za rasta. Kila tuta linaipasha oili moto, kwa sababu kutuliza mrusho maana yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kwenye shokapu za upepo za aina nyingi chumba cha upepo kimeizunguka ile silinda ya oili, kwa hiyo joto linapitiliza moja kwa moja kwenye upepo. Ukifika nyuzi 40 ndani, ile 84.7 ya gereji inakuwa 90.5. Toa 10.2 ya anga, unabaki na 80.

Yaani shokapu moja, siku moja, kutoka 63 hadi 80. Ndiyo hiyo pua inayoinama asubuhi na ndicho hicho kiuno kinachouma. Ukiingia theluji laini shokapu inazikwa, inapoa, inarudi. Unayoyasikia ni ya kweli kabisa.

MpandaVilele

Nimesoma mara tatu. Na kweli, najaza ndani, gereji ina joto, usiku wa kuamkia safari. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kosa.

ThelujiMbichi

Habari zenu. Mimi niko upande wa upepo na naomba nisikilizwe, kwa sababu mijadala ya namna hii huishia na watu wenye kilo 90 wakishauriana wenyewe kwa wenyewe.

Nina kilo 61 na mavazi. Pikipiki ya kwanza niliyoimiliki ilikuwa na springi zilizochaguliwa kwa mtu wa wastani wao, na huyo mtu siyo mimi. Kuilaza ubavuni nilikuwa nasimama na mguu mmoja kwenye ubao, mwili wote nje, na bado ilikuwa inasimama wima kama ukuta. Nilidhani sijui kuendesha. Nilipumzika kupanda karibu msimu mzima kwa ajili ya hilo.

Halafu nikapanda ya rafiki, ya upepo. Akatoa psi chache kwenye skii, akatoa za nyuma, nikaiegemea kwa nyonga tu na ikalala. Nilikata ubavu wa kilima chote bila kushusha mguu. Nilisimama ng'ambo ya pili nikalia, na siioni aibu kuliandika.

Sasa tunayo moja ya upepo nyumbani. Mume wangu ana kilo 98. Kubadilisha kutoka kwake kuja kwangu ni dakika 10 za pampu, tumeandika namba zetu kwa kalamu isiyofutika chini ya kiti. Kwa springi tungehitaji seti mbili na chombo cha kuzikandamizia, na hakuna mtu anayefanya hivyo saa 11 alfajiri.

Kwa mwenye uzito wa wastani, anayepanda peke yake, springi ni sawa. Ila msimwambie kila mtu springi bila kumuuliza kilo zake.

ChumaNiChuma

Dada ThelujiMbichi nimekuelewa na nakubali. Sikuuliza kilo, niliandika kwa haraka. Kwa nyumba yenye watu wawili wa uzito tofauti upepo ni jibu.

Kwa MpandaVilele bado nashikilia ya nyuma iwe springi. Jaribu hili: ukimaliza njia ya rasta, simama, vua glavu, ishike shokapu ya nyuma mahali palipo wazi. Kwa uangalifu. Utaelewa kwa nini.

FundiRodi

@ThelujiMbichi umeandika jambo kubwa dada. Naongezea kwa wengine: watu wengi wakipewa springi ngumu huzungusha ile nati kubwa ya juu ya springi kuilegeza, wakidhani springi imekuwa laini. Haikuwa laini. Ugumu wa springi ni unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na hakuna nati inayobadilisha hayo. Nati inabadilisha mahali springi inapoanzia kufanya kazi, yaani pikipiki ikae juu au chini. Mwepesi akilegeza nati anapata pikipiki iliyokaa chini na bado ngumu. Dawa yake ni springi nyingine.

Kwa upepo, pampu inagusa vyote viwili kwa pamoja: urefu wa kukaa na ugumu. Hapo ndipo utamu wake, na hapo pia ndipo ubaya wake, maana huwezi kupandisha pikipiki bila kuikaza.

Mruko

Mimi naruka. Kila ninapoona ukingo wa theluji natafuta pa kutua. Kwangu upepo umeshinda na sababu yake ni moja.

Springi ya kawaida inaongeza nguvu kwa hatua sawasawa: ukiibana sentimita mbili inakurudishia mara mbili ya sentimita moja. Upepo haufanyi hivyo. Nikitumia 70 ya HesabuNdogo: ukikibana chumba hadi nusu, geji itasoma kama 155. Ukikibana hadi theluthi, kama 239. Mwanzo laini, mwisho ukuta. Nikitua kutoka juu, huo ukuta ndio unaookoa magoti na fremu. Kwa springi ninayoweza kuivumilia njiani, nilikuwa nagonga mwisho kila nikitua, na mlio wa chuma kwa chuma sitaki kuusikia tena.

Kasoro ya upepo wa chumba kimoja ni katikati. Ukiukaza usigonge mwisho, mwanzo unakuwa mgumu. Ukiulegeza mwanzo, katikati unazama. Ndiyo maana kuna za vyumba viwili, kampuni ya FOX wanaita EVOL, chumba cha pili kina valvu yake na unapanga mwisho wa safari ya rodi (umbali inaoingia ndani) peke yake bila kuharibu mwanzo. Kama unabaki na upepo mkuu, angalia kama zako zina valvu mbili. Kama zina moja tu, sehemu ya malalamiko yako iko hapo.

MpandaVilele

Zina valvu moja. Zote nne.

HesabuNdogo

Jambo dogo kuhusu pampu, kwa sababu limewahi kunipotezea wiki mbili. Ukiifunga pampu kwenye valvu, upepo kidogo unatoka kwenye shokapu kujaza mpira wa pampu, na chumba chenyewe ni kidogo, kwa hiyo geji inakuonyesha chini ya kilichokuwemo. Usiseme imevuja. Na ukiifungua, ule mlio wa upepo unaousikia mwingi ni wa mpira wa pampu, shokapu haijapoteza. Ukipima kila nusu saa ukaona inashuka kila mara, huenda unaitoa upepo mwenyewe kwa kuipima.

Pima pikipiki ikiwa imeinuliwa, skii na mkanda haviko chini, shokapu imenyooka yote. Na pima nje baada ya kuiacha ipoe kabisa.

FundiRodi

Turudi kwenye swali lenyewe, kwa sababu mtu anauliza kote au nyuma tu, na hizo shokapu nne hazifanyi kazi moja.

Za skii. Hapa upepo una haki yake. Mzigo wake ni mdogo, zinakaa kwenye hewa baridi, hazipati moto sana, na uzito unaopunguza uko mbele kabisa, mahali unapousikia ukiinua pua kwenye theluji ya kina. Pia unaweza kuzilegeza ukifika msituni ili pikipiki ilale kirahisi. Udhaifu ni sili. Ya upepo ina sili kubwa zaidi zinazosuguana na ukuta, ndiyo maana mwanzo wa safari yake una ugumu kidogo, unaukanyaga haushuki, halafu unashuka ghafla. Kwenye baridi kali mpira wa sili unakakamaa na ule ugumu unaongezeka. Springi haina hilo, inaanza kushuka hapo hapo, unasikia hata kijiti chini ya theluji.

Ya mbele ya mkanda. Hii watu wanaisahau na ndiyo inayoamua skii zibebe uzito kiasi gani. Ukiikaza, pua inakuwa nyepesi na skii zinainuka mapema ukiongeza mafuta. Ukiilegeza, uzito unaenda kwenye skii, kona zinashika lakini kwenye kina mikono inachoka. Ikiwa ni ya upepo na inabadilika psi 15 kwa siku, ina maana usukani wako unabadilika uzito siku nzima. Pamoja na ule mshipi wa kuzuia mbele ya mkanda usishuke kupita kiasi, hii ndiyo ningependa itulie mahali pamoja. Springi.

Ya nyuma. Inabeba mwili wako, begi na sehemu kubwa ya pikipiki, na kila ukiongeza mafuta uzito wote unarudi juu yake. Iko ndani ya mkanda, juu yake kuna bati la kupoozea maji ya injini, theluji inaganda juu ya rodi na kuyeyuka mara 100 kwa siku. Barafu iliyoshikamana na rodi ndiyo inayochana sili. Springi, bila wasiwasi, kwa mtu wa kilo 92 anayepita njia ya rasta ndefu kama yako.

Kuhusu uzito, usiogope sana. Upepo kote nne unaokoa kilo chache tu. Ukitaka kuzirudisha kuna springi za titani. Titani kwa ujazo uleule ina uzito kidogo zaidi ya nusu ya chuma, na kwa sababu inapinda kirahisi kuliko chuma, springi yake inahitaji mizunguko michache, kwa hiyo uzito unapungua kwa njia mbili. Bei yake ni kubwa, na mimi binafsi hela hiyo ningeiweka kwenye kufunguliwa kwa shokapu zote kwanza.

Nawaomba kitu kimoja: msijaribu kufungua upande wa naitrojeni nyumbani bila kuitoa kwanza kwa vifaa vyake. Shinikizo la humo linarusha pistoni kama risasi. Sili za upande wa upepo zinabadilishika gereji ya kawaida, ukishatoa upepo wote kwenye valvu.

ThelujiMbichi

Hiyo ya mbele ya mkanda ni kweli kabisa. Nilihangaika na shokapu za skii mwezi mzima kumbe tatizo lilikuwa katikati. Nilipokaza ya mbele ya mkanda psi 8, usukani ukawa mwepesi na mabega yakapona.

MpandaVilele

Wakuu, nimerudi na vipimo.

Jana usiku niliiacha pikipiki nje, nyuzi 17 chini ya sifuri. Alfajiri nikainua mbele kwa jeki na nyuma kwa stendi, nikapima. Skii ya kulia 61. Ya kushoto 38. Mbele ya mkanda 52, nyuma 118. Nilikuwa nimejaza 75 zote mbili za skii, gereji. Kwa hiyo ya kulia imefanya alichosema HesabuNdogo, na ya kushoto imefanya hivyo na kuvuja juu yake.

Nikafunga pete ndogo ya mpira kwenye kila rodi, nikaisukuma hadi kwenye sili, nikaenda njia ya rasta. Nilipofika mwisho, pete ya nyuma ilikuwa imesogea nusu tu ya safari ya rodi. Yaani njia nzima iliyonitesa, shokapu ilitumia nusu yake. Nikavua glavu kama alivyosema ChumaNiChuma. Iliniunguza kidogo, siyo ya kuacha alama lakini nilitoa mkono haraka. Nikapima, nikiwa najua pampu inaiba kidogo: 139.

Nikaingia msituni, nikapanda kwa dakika 40, nikasimama, nikapima tena. 121.

Nimefika uamuzi. Za skii zinabaki za upepo, zote mbili zinafunguliwa, sili mpya, oili mpya. Mbele ya mkanda na nyuma nafunga springi za chuma. FundiRodi, ugumu wa springi nauchaguaje?

FundiRodi

Kazi nzuri sana mkuu, ile pete ya mpira ingefundishwa kwa kila mtu.

Kila mtengenezaji ana jedwali la uzito, anzia hapo kwa uzito wako na mavazi yote, begi, koleo, kila kitu. Kilo 92 na siyo zile unazopima bafuni. Ukiwa katikati ya springi mbili, na huruki, chukua laini. Kompresheni ya oili (oili inavyozuia shokapu isibanwe haraka) inaweza kukuongezea kidogo, ila springi ngumu mno hakuna kliki (hatua ya kitasa cha kurekebisha oili) itakayoilainisha.

Ikishafungwa, pima hivi. Inua nyuma hadi shokapu inyooke, pima kutoka bampa ya nyuma hadi sakafuni mkanda ukigusa tu. Ishushe, itikise mara mbili, pima. Kisha panda na vifaa vyote, simama wima kwenye mbao, mwenzako apime. Mimi hupenda nyuma ikae kati ya robo na theluthi ya safari yake ukiwa juu. Kama unalazimika kuzungusha nati nyingi sana ili kufika hapo, springi ni laini mno. Kama umelegeza nati hadi springi inacheza ikinyooka na bado uko juu, ni ngumu mno, irudishe.

Ribaundi (oili inavyozuia springi isirudi juu kwa kasi) pia usiisahau. Springi mpya na oili mpya, anza katikati ya kliki, panda, halafu badilisha mbili mbili. Ukiona nyuma inakurusha baada ya tuta, ongeza. Ukiona inazidi kukaa chini kila tuta linalofuata, hairudi kwa wakati, punguza.

Mruko

Mpira wa mwisho kwenye rodi ya nyuma (unaozuia chuma kugonga chuma) uukague kabla ya kufunga springi. Kwa springi huo ndio ukuta wako. Wangu ulikuwa umepasuka na sikujua.

MpandaVilele

Wiki tatu baadaye, nimepanda siku nne na springi.

Njia ya rasta kwanza. Haijawa barabara ya lami, bado ni matuta, ila tuta la kilomita ya 18 ni sawa na tuta la kilomita ya kwanza. Pete ya nyuma sasa inafika karibu robo tatu. Kiuno kimekaa kimya siku zote nne. Usukani hauna uzito wa asubuhi na uzito wa mchana, na hili la shokapu ya mbele ya mkanda ndilo nisingelifikia peke yangu, asanteni.

Msituni nasikia nyuma imeongezeka uzito. Nikikwama na kuinua nyuma kuitoa kwenye shimo, nasikia. Nikiwa juu yake nikiendesha, sisikii.

Skii nazijaza nje sasa, mlimani, baada ya nusu saa ya kupoa. 64 kwa njia, 55 nikiingia msituni. Kwa 55 inalala kwa kuegemea tu, kama alivyosimulia dada ThelujiMbichi. Mpira wa mwisho wa nyuma ulikuwa na ufa, Mruko, nimeubadilisha.

Kitu kimoja kimebaki. Ya kulia imeshika namba siku zote nne. Ya kushoto inapoteza psi 3 kwa usiku, na sili ni mpya.

FundiRodi

Psi 3 kwa usiku na sili mpya, sidhani ni sili. Kwanza paka maji ya sabuni kwenye valvu, huenda ni kile kiini cha ndani tu. Kama hakuna povu, toa upepo wote, fungua, pitisha ukucha taratibu ndani ya silinda, upande ule rodi ilikozama siku ile, vikabaki vidole viwili. Ukucha ukikwama mahali, ni mkwaruzo, na hakuna sili itakayoushinda.

MpandaVilele

Valvu haina povu. Nafungua kesho jioni, nitaweka picha hapa.